Vyuo vikuu vyetu viandike mifumo ya ofisi zao kwa pamoja

Mama mjamzito akienda kliniki katika Manispaa ya Tabora, awe anatoka Cheyo, Isevya au Ng'ambo, muuguzi humpima, humshauri, kisha huandika taarifa zake katika kitabu cha MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya. Mwisho wa mwezi vitabu hivyo hujumlishwa: wajawazito wangapi wamehudhuria, wangapi wamepata chandarua, wangapi wamejifungulia kituoni. Hesabu hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, na humo huzisoma ofisi ya mganga mkuu wa mkoa na Wizara ya Afya. Mfumo huo umeandikwa na vyuo vikuu kwa ushirikiano, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, kuutumia au kuurekebisha. Hakuna leseni inayolipiwa kila mwaka.

Tumtazame sasa kijana wa Cheyo hiyo hiyo aliyemaliza kidato cha sita na anataka kusoma shahada. Anakwenda steshenari, anakaa mbele ya kompyuta ya kulipia na kufungua mfumo wa maombi wa chuo cha kwanza. Anajaza jina, namba ya mtihani, shule, simu na barua pepe. Analipa ada ya maombi, ambayo kwa vyuo vingi ni shilingi 10,000. Halafu anaingia katika mfumo wa chuo cha pili na kuanza upya: jina, namba ya mtihani, shule, simu, barua pepe, malipo. Cha tatu hivyo hivyo. Akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, anatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha anakokwenda. Bodi ya Mikopo nayo ina mfumo wake. Akifika chuoni anasajiliwa tena, na kuanzia hapo ada, ratiba, matokeo, sapu, kuahirisha mwaka na hatimaye transkripti vinategemea mfumo wa chuo hicho peke yake.

Dar es Salaam wanauita ARIS. Sokoine wanauita SUASIS. Chuo Kikuu Huria wana SARIS, Dodoma wana SR. Majina ni mengi, kazi ni ile ile.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Wasomi wetu wameshiriki kuandika mfumo unaotumika leo katika nchi zaidi ya 70 kuhesabu chanjo, malaria na vizazi, lakini ofisi ya msajili iliyo hatua chache kutoka maabara yao inajitafutia mfumo wake, kwa fedha zake na kwa makosa yake. Ninachosema leo ni hiki: vyuo vikuu vya Tanzania, na vya Afrika Mashariki kwa jumla, viandike mifumo ya utawala wao kwa pamoja, kwa msimbo ulio wazi, kama vilivyokwishafanya katika afya. Uwezo upo na ushahidi upo. Kilichokosekana ni uamuzi.

Ushahidi wa kwanza ni huo wa DHIS2. Mizizi yake iko Afrika Kusini mwaka 1994, ubaguzi wa rangi ulipokuwa unaondoka na nchi ikirithi idara za afya zilizogawanywa kwa rangi za watu, kila moja na fomu zake. Wasomi wa Cape Town na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, walianza kazi ya kuziunganisha taarifa hizo ngazi ya wilaya. Toleo la pili, linalofanya kazi kwenye mtandao, lilitumika kwanza katika jimbo la Kerala, India, mwaka 2006. Zanzibar ilikwishaanza na toleo la awali. Kenya ilieneza toleo la pili nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania Bara ikafuata: kufikia mwisho wa 2013 mikoa yote ilikuwa imeingia.

Jambo la kuangalia hapo ni jinsi kazi ilivyogawanywa. Oslo walibaki na kiini cha mfumo. Dar es Salaam, kupitia wataalamu wa kompyuta wa chuo kikuu, walijenga kikosi cha kuuweka mfumo mikoani, kufundisha watumiaji na kuandika nyongeza ambazo mazingira yetu yalizidai. Vijana walisoma shahada za uzamili na uzamivu wakiwa ndani ya kazi hiyo. Nyongeza zilizoandikwa Dar es Salaam ziliwekwa mahali pa wazi, na nchi nyingine zikazichukua. Janga la korona lilipoingia mwaka 2020, Sri Lanka waliandika sehemu ya kufuatilia wagonjwa na wasafiri ndani ya mfumo huo huo; nchi nyingi zikaichukua bila kuanza mwanzo, na hata manispaa za Norway zikatumia DHIS2 kufuatilia maambukizi. Maarifa yalitoka Colombo kwenda Oslo. Nchi zenye bajeti ndogo nazo zilikuwa walimu.

Ushahidi wa pili uko Eldoret. Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vina ushirikiano wa muda mrefu wa kitabibu, ambao mwaka 2001 ulizaa mpango wa AMPATH wa kuwatibu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wagonjwa waliongezeka haraka kuliko mafaili. Kutokana na haja hiyo, na haja kama hiyo iliyowakabili madaktari wengine waliokuwa wakifanya kazi katika nchi nyingine, ulizaliwa OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Leo unatumika katika nchi nyingi za Afrika na nje ya Afrika. Faili la mgonjwa ni kitu kizito: kosa dogo ndani yake linaweza kuua. Kama vyuo vyetu vimeaminiwa kusaidia kuandika faili hilo, nani atasema havitaweza kuandika faili la mwanafunzi?

Sisi wa Tabora tuna historia ya kutusaidia kuliona tatizo. Katika karne ya 19 msafara uliotoka Bagamoyo kuja huku Unyanyembe ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila mtemi ambaye ulivuka nchi yake, na wasafiri walilalamika zaidi kuhusu Ugogo. Shehena ilikuwa ile ile, wapagazi wale wale, lakini kila kituo mazungumzo yalianza upya na vitambaa vilihesabiwa upya. Kila mtemi alikuwa na haki katika nchi yake. Aliyeumia ni yule aliyelazimika kuzivuka zote. Ndivyo alivyo mwombaji wa chuo leo. Kila chuo kina haki ya kuwa na taratibu zake, ila mzigo wa taratibu hizo zisizoelewana unabebwa na kijana ambaye baba yake anauza tumbaku au asali ili apate nauli.

Si mwombaji peke yake anayeubeba. Mhadhiri anayehama chuo anakuta njia mpya ya kuingiza alama. Mhasibu wa chuo anashinda akilinganisha orodha ya waliolipa benki na orodha ya waliosajiliwa. Mwanafunzi ambaye jina lake limeandikwa Mohamed huku na Mohammed kule anasubiri bumu, yaani fedha yake ya kujikimu, wiki baada ya wiki huku wenzake wamekwishasaini. Mwajiri anayetaka kuhakiki cheti anaandika barua na kungoja majibu. Yote hayo ni matatizo ya masijala, na masijala zote zina matatizo yale yale. Hapo ndipo panapotia uchungu: tatizo moja linatatuliwa mara 40 na zaidi, kwa idadi ya vyuo vikuu na vyuo vikuu vishiriki tulivyo navyo, na suluhisho la mmoja halimsaidii mwingine.

Anayeumia zaidi ni chuo kidogo kilicho mbali na Dar es Salaam. Tabora ni mji wa vyuo. Tuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, AMUCTA, kilichoanzishwa mwaka 2010 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Tuna Chuo cha Ardhi, chuo cha reli, chuo cha ufugaji nyuki, chuo cha ualimu na kituo cha Chuo Kikuu Huria. Chuo kikubwa kinaweza kuajiri kikosi cha wataalamu wa TEHAMA na kuwapa kazi ya mwaka mzima. Chuo kidogo kina mtaalamu mmoja au wawili, na hao hao ndio wanaotengeneza printa, kufunga nyaya na kurudisha nywila zilizosahaulika. Chuo kama hicho kikitaka mfumo kinabaki na njia mbili: kununua kwa kampuni na kubaki chini ya mkataba usioisha, au kumtegemea kijana mmoja hodari ambaye siku akipata kazi Dodoma ataondoka na siri zote kichwani.

Na ni Tabora hii hii iliyo na hazina ambayo wanaozungumzia mifumo huisahau. Chuo cha Uhazili cha Tabora, ambacho mwaka 2000 kiliingizwa katika Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, kimelea vizazi vya wahazili na watunza kumbukumbu wa Serikali. Wao wanajua faili linafunguliwa vipi, linapewa namba gani, nani analiona, linafungwa lini na linatunzwa miaka mingapi kabla ya kuharibiwa. Mifumo mingi inaharibika kwa sababu aliyeandika programu hakuwahi kukaa masijala. Anaweka kitufe cha kufuta mahali ambapo sheria ya kumbukumbu hairuhusu kufuta. Anasahau kwamba barua ya kuahirisha masomo inapita kwa mkuu wa idara kabla ya kufika kwa msajili. Mradi wa pamoja ninaoutetea ungemweka mtunza kumbukumbu wa Tabora meza moja na mwandishi wa programu wa Dar es Salaam. Mmoja anajua kompyuta, mwingine anajua kazi yenyewe.

Haitakuwa mara ya kwanza kwetu kujaribu kazi ya aina hii, na lazima tuseme ukweli kuhusu majaribio yaliyopita. Mwaka 2004 wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na Wasweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kupigia hesabu iliyokuwa kwa Kiswahili kitupu. Miaka hiyo hiyo Chuo Kikuu cha Western Cape cha Afrika Kusini kiliongoza mtandao wa vyuo vya Afrika ulioitwa AVOIR, ambamo Dar es Salaam, Makerere na Jomo Kenyatta vilikuwamo, kuandika kwa pamoja mfumo huria wa kufundishia na zana za kujengea mifumo mingine. Fedha zilitoka kwa wafadhili wa Kanada na Marekani. Kazi zote mbili zilikuwa nzuri. Zote mbili hazikudumu.

Kwa wakubwa nako kuna somo. Mwaka 2004 vyuo vikuu vya Marekani, Indiana na Hawaii vikiwa mbele, vilianzisha mradi wa Kuali wa kuandika mfumo huria wa fedha za vyuo, na baadaye mifumo ya tafiti na ya wanafunzi. Mwaka uliofuata mfuko wa Mellon uliuchangia dola milioni 2.5. Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi kilikuwa miongoni mwa vyuo vya kwanza kabisa duniani kuutumia mfumo wake wa fedha, kwa hiyo Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji. Lakini mwaka 2014 wenye mradi walianzisha kampuni ya biashara ya kuuendeleza, na vyuo vingi vilivyokuwa vimechangia watu na fedha vikabaki vinauliza msimbo wa kesho utakuwa wa nani.

Kutoka katika majaribio hayo ninapata masomo matatu. La kwanza: mradi unaoishi kwa fedha za mfadhili hudhoofika fedha zinapokwisha, kwa hiyo waandishi wa programu lazima wawe katika orodha ya mishahara ya vyuo vyenyewe, kwa nafasi zenye cheo na ngazi ya kupanda. La pili: usianze na kila kitu. DHIS2 ilianza na kazi moja, kujumlisha hesabu za mwezi za wilaya, ikaifanya vizuri, ndipo ikapanuka. La tatu: umiliki uandikwe siku ya kwanza. Leseni iseme kwamba msimbo na marekebisho yake yote yatabaki wazi, na asiwepo mshirika, awe mkubwa kiasi gani, mwenye uwezo wa kuufunga peke yake.

Wapo watakaonikumbusha kwamba Tanzania iliwahi kuwa na mfumo mmoja. Ni kweli. Kuanzia mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliendesha mfumo wa pamoja wa udahili, mwombaji akijaza mara moja na Tume ikimpanga. Mwaka 2017 Serikali iliuondoa na kurudisha udahili vyuoni, kwa hoja kwamba Tume ni msimamizi na vyuo ndivyo vyenye haki ya kuchagua wanafunzi wao. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na sitaki turudi huko. Ninachokitetea ni kitu kingine. Mfumo ule uliunganisha uamuzi. Msimbo wa pamoja unaunganisha zana tu, na kuuacha uamuzi kwa seneti ya kila chuo. Sokoine wataweka vigezo vyao vya kilimo, AMUCTA vyao vya ualimu. Kila chuo kitakuwa na seva yake na kanzidata yake. Ngazi ya cheti ina mizani yake ya alama na shahada ina yake, na mfumo mzuri huzipokea zote kama mpangilio wa kuchagua. Kinachokuwa cha wote ni kazi ya kuandika, kujaribu na kurekebisha. Tukikosa kuona tofauti hiyo tutaendelea kuzunguka kati ya kubanwa katika kitu kimoja na kila mtu kushika lake.

Hoja ya pili ni usalama. Watu wakisikia msimbo uko wazi wanadhani alama za wanafunzi nazo ziko wazi. Msimbo ni namna mfumo unavyofanya kazi. Taarifa za mwanafunzi ni kitu kingine, na hizo zinabaki ndani ya seva ya chuo, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tena msimbo unaosomwa na wataalamu wa vyuo 20 una nafasi kubwa zaidi ya kugunduliwa udhaifu wake kuliko ule uliofichwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Anayetaka kubadilisha F kuwa B hahitaji kusoma msimbo. Mara nyingi anahitaji tu nywila ya mtu asiye makini na mfumo usioandika nani alibadilisha nini na saa ngapi. Kumbukumbu hiyo ya kila badiliko inapaswa kuwa sehemu ya kwanza kuandikwa katika mfumo wa pamoja, na kwa kuwa msimbo uko wazi, mkaguzi yeyote ataweza kuthibitisha kwamba kweli ipo.

Hoja ya tatu ni kwamba cha bure hakina ubora. Wanaosema hivyo waende maktaba za vyuo vyao. Nyingi zinaendeshwa kwa Koha, programu huria ya maktaba iliyozaliwa New Zealand, na hazina za tasnifu zao ziko katika DSpace, iliyoanzia MIT. Masomo ya mtandaoni ya Makerere na Dar es Salaam yako katika Moodle, ambayo nayo ni huria. Wakutubi wetu wamekwenda mbali zaidi: wana umoja wao, COTUL, unaowawezesha kupata majarida ya kitaaluma kwa pamoja. Yaani ndani ya chuo hicho hicho mkutubi amekwishaelewa faida ya kushirikiana, na msajili wa ghorofa ya juu bado. Programu huria si bure kwa maana ya kutokuwa na gharama. Seva zina gharama, watu wana mishahara, mafunzo yana posho. Tofauti ni kwamba shilingi hiyo inabaki nchini, inamlipa kijana wetu, na kazi aliyoifanya kwa ajili ya chuo kimoja inavisaidia vyote.

Serikali yenyewe imekwishaonyesha njia kwa upande wake. Tangu 2017 malipo ya taasisi za umma yanapita katika mfumo mmoja wa GePG ulioandikwa hapa hapa, na kila Mtanzania anaijua namba ya kumbukumbu ya malipo. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, kila mara inazionya taasisi kuhusu urudufu wa mifumo. Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kiliandika mfumo wake wa kumbukumbu za kitaaluma, ACMIS, kwa mikono ya wataalamu wake wa ndani, na vyuo vikuu vingine vya umma vimeupokea. Hizo ni hatua za kupongezwa. Lakini mfumo unaogawiwa kwa taasisi za umma peke yake unaishia kwenye ukuta wa taasisi za umma. Chuo cha Kanisa hapa Tabora kiko nje ya ukuta huo, na chuo cha Bujumbura au Bukavu kiko nje ya mpaka. Leseni huria ndiyo pekee inayovuka ukuta na mpaka bila kuomba kibali.

Basi tuanzie wapi? Ningependekeza tuanze na kitu kimoja chenye kero kubwa na mwisho unaoonekana: transkripti na uhakiki wake. Kila chuo kinatoa transkripti, kila mhitimu anaihitaji, kila mwajiri anataka kuihakiki. Vyuo vitano vya kwanza vijitolee, viwili vikubwa na vitatu vidogo, na kimojawapo kiwe cha binafsi. Kila kimoja kitoe waandishi wawili wa programu na mtu mmoja wa masijala kwa miaka mitatu. TCU iwe mwenyeji wa vikao tu, isiwe mmiliki, na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, liitwe, kwa sababu vyuo vya kati ndivyo vingi katika miji kama Tabora. Msimbo uwekwe hadharani tangu mstari wa kwanza. Kila zabuni ya mfumo wa chuo inayolipwa kwa fedha za umma, zikiwamo zile dola milioni 425 za mradi wa HEET uliokopwa Benki ya Dunia kuboresha elimu ya juu, iwe na kifungu kinachosema kwamba msimbo utakaoandikwa utakuwa wazi. Kifungu kimoja hicho kingebadilisha mambo mengi bila kuongeza gharama kubwa.

Na mfumo uwe kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, Kiingereza kikifuata. Mzazi wa Urambo anayetaka kujua mwanawe anadaiwa ada kiasi gani asome kwa lugha anayoielewa. Kampuni ya ng'ambo haitatufanyia hilo kwa sababu haina faida nalo. Jambo OpenOffice ilithibitisha miaka 20 iliyopita kwamba maneno yapo, na wataalamu wa lugha wa vyuo hivyo hivyo wako tayari kuyapanga.

Faida kubwa kuliko zote itakuwa darasani. Kila mwaka vyuo vyetu vinahitimisha vijana wa sayansi ya kompyuta ambao miradi yao ya mwaka wa mwisho inaishia kabatini: mfumo wa hosteli wa kubuni, mfumo wa maktaba wa kubuni, unaosahihishwa mara moja na kusahauliwa. Kijana huyo akipewa kosa halisi la kurekebisha katika mfumo unaotumiwa na wanafunzi 30,000, akasomewa kazi yake na mhandisi wa chuo kingine, akaambiwa pana dosari, akarudia, akakubaliwa, atatoka na ujuzi ambao hakuna mtihani wa karatasi unaoweza kuutoa. Kikosi cha DHIS2 cha Dar es Salaam kilizaliwa kwa njia hiyo. Tunaweza kuwa na vikosi vingine Mwanza, Mbeya, Zanzibar na Tabora.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu ya kitu kikubwa zaidi ya hiki. Kati ya mwaka 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kila nchi ilipotaka chake kiligawanyika, na haikuwa dhambi. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lipo tangu 1980 kwa ajili ya kushughulikia yale ambayo bado ni ya pamoja. Kutambua vyeti na kumhamisha mwanafunzi kutoka nchi moja kwenda nyingine ni kazi yake. Masijala zisizoweza kusomana zinaikwamisha kazi hiyo, na msimbo wa pamoja ungeisogeza mbele kuliko mikutano mingi.

Ninawaomba makamu wakuu wa vyuo watakaosoma makala haya wafanye jambo moja mwezi huu: wamwite mkuu wao wa TEHAMA na msajili wao, wawaulize mfumo wa chuo ni mali ya nani, nani anaweza kuurekebisha, na mkataba unaisha lini. Halafu wampigie simu mwenzao wa chuo jirani na kumuuliza maswali hayo hayo. Watakuta wanalipia kazi ile ile mara mbili. Wakubaliane kuilipia mara moja, waiandike vizuri na waiache wazi, ili chuo kidogo cha Tabora nacho kifungue mlango na kuichukua.